Meza Isiyo na Majoka

 

Jioni ya leo nataka tuzungumzie michezo. Kandanda ina wasemaji wake, nao wanatosha. Mimi nataka kuzungumzia mchezo unaochezwa na watu wanne au watano walioketi kuizunguka meza, na hakuna anayetafuta kumshinda mwenzake. Kila mmoja anavaa uhusika wa mtu fulani: huyu mvuvi, huyu mganga, huyu askari, huyu mtoto yatima. Kisha kwa pamoja wanasimulia yanayowapata watu hao. Mmoja akisema anaruka mto, sheria za mchezo pamoja na bahati ndizo zinazoamua kama amefika ng'ambo au ametumbukia. Hakuna anayejua hadithi itaishia wapi, hata yule anayeisimamia. Mkimaliza, mmetunga kisa ambacho hakuna mmoja wenu angeweza kukitunga peke yake.

Sisi watu wa delta ya Mto Tana hatuhitaji kufundishwa utamu wa hadithi. Tumekua tukiitikia vitendawili, na jioni zetu bado zina wazee wanaojua kusimulia mpaka mtoto akasahau usingizi. Jambo jipya hapa ni kwamba msikilizaji naye anakuwa msimulizi, na kuna kanuni zinazowagawia wote zamu ya kusema.

Duniani, mchezo mmoja wa aina hii umeifunika mingine yote. Unaitwa Dungeons & Dragons. Waliouanzisha ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, waliokuwa wakicheza michezo ya vita kwa vikaragosi vidogo juu ya meza. Waliuchapisha mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Leo ni mali ya kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo nayo imemilikiwa na Hasbro tangu 1999. Vijana wetu waliotazama Stranger Things kwenye simu wameuona: watoto wanne wamekaa katika chumba cha chini cha nyumba, dadu zinarushwa, mmoja anapiga kelele kwamba zimwi limekuja.

Kijana wa hapa Tarasaa akiuona mchezo huo, naye akautaka, ataanza kuusaka. Na hapo ndipo atakapokutana na ukuta. Vitabu vyake vikuu ni vitatu, vinene, vya Kiingereza, vya bei kali. Dadu zake ni za namna yake, moja ina nyuso 20. Kijana ataona kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali na wenye pesa, ataacha. Ninaileta mada hii redioni kwa sababu hiyo. Aliyeukosa mchezo mmoja hajaikosa michezo yote, na mimi naamini ile isiyo maarufu ndiyo inayotufaa zaidi sisi.

Nianze na neno juu ya sheria, maana hapa ndipo penye kiini. Watu hudhani sheria za mchezo ni urembo tu. La. Sheria ndizo zinazomwambia mchezaji lipi lina thamani. Katika ule mchezo maarufu, ulipoanza, mhusika wako alikua na kupata nguvu kwa kuua mazimwi na kwa kutoka pangoni na dhahabu. Basi watu waliocheza walifanya nini? Waliingia mapangoni, wakaua, wakachukua dhahabu. Hata aliyekuja na nia ya kusimulia habari za upendo na mashamba alijikuta anapiga hesabu za mapanga. Matoleo ya baadaye yamepanua mambo, lakini sehemu kubwa ya vitabu hivyo bado ni vita. Simlaumu mtu anayeupenda. Umewafurahisha watu wengi kwa nusu karne. Nasema tu kwamba ukibadilisha sheria, hadithi nayo inabadilika, na watu walio mezani wanaanza kufikiri mambo mengine.

Wenzetu ng'ambo waligundua hili mapema. Mwaka 1977 Marc Miller alitoa Traveller, mchezo wa safari za angani, ambamo unasimulia kwanza ujana na kazi za mhusika wako, na anaweza kufa kabla hata hamjaanza kucheza. Mwaka 1981 ukaja Call of Cthulhu wa Sandy Petersen. Humo wewe ni mtu wa kawaida, labda mwalimu au mwandishi wa gazeti, unachunguza siri ya kutisha. Bunduki haikusaidii sana, na kadiri unavyojua zaidi ndivyo akili yako inavyozidi kuyumba. Nchini Japani mchezo huo umependwa sana. Mwaka 2009 Jason Morningstar akatoa Fiasco, usio na msimamizi kabisa, unaohusu watu wa kawaida wenye tamaa kubwa na busara ndogo.

Kisha upo Dread, wa mwaka 2005, ambao hauna dadu hata moja. Katikati ya meza mnasimamisha mnara wa vijiti vya Jenga. Ukitaka kufanya jambo la hatari katika hadithi, unachomoa kijiti. Mnara ukisimama, umefaulu. Ukianguka, mhusika wako ametoka kwenye hadithi. Na msikilizaji, Jenga yenyewe ina asili ya huku kwetu. Aliyeitoa ni Leslie Scott, mama wa Kiingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki akizungumza Kiswahili. Familia yake ilikuwa ikicheza kwa vipande vya mbao, naye akauonyesha mchezo huo kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini London mwaka 1983. Vipande 54 vya mbao vilivyopigwa randa vizuri: fundi seremala yeyote wa Garsen anaviweza.

Mwezi Januari 2023 kulizuka mzozo mkubwa. Habari zilivuja kwamba kampuni inayomiliki ule mchezo maarufu inataka kukaza leseni iliyowaruhusu wengine, kwa zaidi ya miaka 20, kutunga vitabu vinavyoendana nao. Wachezaji walikasirika, na wengi kwa mara ya kwanza wakatafuta michezo mingine. Kampuni ilirudi nyuma, na kabla ya mwezi huo kwisha iliachilia sheria za msingi zitumike na yeyote bila malipo. Kwa hiyo hata kijana anayeng'ang'ania majoka, leo anaweza kuzipata sheria hizo bure na kwa haki, bila kuiba kitabu cha mtu.

Lakini sikuja hapa kutangaza majoka. Nataka tukae zaidi kwenye michezo miwili.

Wa kwanza ulizaliwa jirani, Tanzania. Katika bonde la Usangu, mkoa wa Mbeya, wakulima wa mpunga huchota maji kutoka vijito vinavyoingia Ruaha Mkuu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mto huo mkubwa ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi. Wa chini wakawalaumu wa juu, wakulima wakawalaumu wafugaji, na serikali ikawalaumu wote. Mtaalamu wa maji, Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, akifanya kazi na wenzake wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alitengeneza mchezo wa mezani wa kuwakutanisha watu hao.

Sikiliza unavyochezwa. Kuna ubao mkubwa wa mbao, umeinamishwa. Katikati yake umechongwa mto, kutoka milimani juu mpaka kwenye kinamasi chini. Kandokando ya mto kuna mashamba, mengine makubwa mengine madogo, na kila shamba lina vishimo. Maji ni gololi za kioo. Zinamwagwa kule juu, zinateremka. Kila mchezaji ana vijiti vidogo, ndiyo mabanio yake. Anaviweka mtoni kuzikinga gololi na kuzielekeza kwenye vishimo vya shamba lake. Kishimo kikijaa, mpunga wako umepata maji. Kikikaa kitupu, mpunga umekauka.

Mnaona wenyewe kinachotokea. Aliye juu anajaza shamba lake na ziada inabaki. Wa katikati anahangaika. Wa mkiani anakaa na vishimo vitupu, anatazama gololi mbili tatu zikimfikia. Msimamizi anapunguza gololi, kiangazi kimeingia, na hali inazidi. Kisha watu wanabadilishana nafasi: mkulima wa juu anakwenda kukaa mkiani, anaonja ukavu. Baada ya hapo wanaanza kutafuta njia zao wenyewe, zamu za usiku na mchana, mabanio madogo zaidi, mashamba yaliyopunguzwa. Ubao huo ulichezwa na wanavijiji wenyewe na ukawa mwanzo wa mazungumzo kati yao. Mtu anayesimama mkutanoni analitetea shamba lake. Akishika kijiti mezani, anaona mto mzima.

Sasa niambie, msikilizaji wa Tarasaa: kuna mahali pengine Kenya panapouhitaji ubao huo kuliko hapa? Sisi ndio mkia wa Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, kama kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya mpaka bahari ya Kipini. Kabla maji hayajatufikia, yamepita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilikamilika 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988. Jiji la Nairobi nalo linakunywa maji ya vijito vya Tana kupitia bwawa la Ndakaini. Hayo yote ni vijiti vilivyowekwa juu yetu. Na huku chini, mkulima wa Kipokomo anasubiri mto upande na ushuke ili apande mpunga kwenye udongo uliolowa, na mfugaji wa Kiorma anasubiri mafuriko yayo hayo yamuoteshee nyasi za kiangazi, naye anahitaji malka, njia ya kufika mtoni kunywesha ng'ombe. Maji yakizidi, kama mwaka 1997 yalipovunja tuta la mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, au kama mwaka 2018 na tena 2023, yanatufukuza majumbani. Yakipungua, tunatazamana vibaya.

Ubao wa Tana ungehitaji kuongezwa vitu ambavyo ubao wa Usangu haukuwa navyo. Ungehitaji mabwawa yanayozuia gololi na kuziachilia kwa mkupuo. Ungehitaji vishimo vya malisho pamoja na vya mpunga, na njia za ng'ombe kati ya mashamba. Pengine ungehitaji na bahari kule chini, ambayo gololi zikipungua inapanda na chumvi yake. Hizi ni kazi ambazo darasa la jiografia la sekondari linaweza kuzifikiria vizuri kuliko mimi.

Mchezo wa pili ni The Quiet Year, uliotungwa na Avery Alder wa Kanada na kutoka mwaka 2013. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Humo huvai uhusika wa mtu mmoja. Wachezaji, wawili hadi wanne, wanakuwa jamii nzima. Jamii hiyo imetoka kwenye vita virefu, imebakiwa na mwaka mmoja wa utulivu kabla ya msimu wa baridi kuwaletea wageni wasiojulikana. Mbele yenu kuna karatasi tupu. Mnachora ramani: mto huu hapa, kisima hiki, msitu ule. Kila mmoja anataja kitu muhimu kwa jamii. Kimoja mnakubaliana kwamba kipo tele, na vingine vyote ni vya shida.

Karata 52 ndizo majuma ya mwaka. Kopa ni msimu wa kwanza, kisha uru, kisha pao, na shupaza ni majira ya mwisho, magumu. Unafunua karata, inakuuliza swali au inakuletea tukio, unalijibu kwa kuchora. Kisha unachagua jambo moja: kuanzisha mradi, kugundua kitu kipya, au kuitisha baraza. Ukianzisha mradi inaamuliwa utachukua majuma mangapi, na dadu inawekwa pale kwenye ramani kuhesabu majuma tu.

Baraza ndilo lililonikamata. Kila mchezaji anasema mara moja, sentensi moja au mbili, basi. Hakuna kura, hakuna hitimisho. Uliye na jambo zaidi, subiri zamu yako. Na katikati ya meza kuna kete ndogo. Ukihisi umepuuzwa, mwenzako ameanzisha mradi bila kukusikiliza, unachukua kete moja unaiweka mbele yako. Husemi neno. Kila mtu anaiona. Kinyongo kimewekwa mezani, kinahesabika. Baadaye unaweza kuirudisha ukiridhika, au ukaitumia kuhalalisha na wewe kufanya ubinafsi.

Mfalme wa shupaza akitokea, mchezo umekwisha, hata kama miradi haijakamilika. Hamjui watasimama vipi mbele ya wageni. Mnakaa mnaitazama ramani mliyoichora, na watu wakianza kuizungumzia hawanyamazi upesi.

Sisi tunajua maana ya mwaka wa utulivu baada ya damu. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma wa delta hii, kutoka Riketa hadi Kilelengwani na Kipao. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wazee wa Matadeda, baraza la Waorma, walikaa, na mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, uliokamilika 2015, ulitengenezwa kwa watu kuketi na kuchora ramani: hapa pa kulima, hapa pa kulisha, hapa pa kupita. Walioketi hapo wengi walikuwa watu wazima. Vijana waliokuwa watoto wakati ule leo wana miaka ishirini na zaidi, na wengi hawajawahi kuulizwa wangechora nini.

Hapa nataka niseme kwa uangalifu. Mtu asichukue mchezo akawafanyisha vijana igizo la mapigano yetu. Wapo walioyaona kwa macho. Kijiji cha mezani kiwe cha kubuni, jina lisijulikane, makabila yetu yasitajwe. Yatakayokuwemo yataingia yenyewe, kwa mlango wa pembeni, na hapo yatazungumzika. Wachezaji wa ng'ambo wana kanuni moja nzuri iliyoanzishwa na John Stavropoulos: kadi yenye alama ya X inawekwa mezani, na yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linaachwa papo hapo bila kuulizwa sababu. Msianze bila kadi hiyo.

Wazazi nao wana hofu zao, na ninaziheshimu. Marekani miaka ya 1980 wazazi wengi waliamini michezo hii inafundisha uchawi. Huku kwetu mama atauliza hayo mazimwi ni ya nini, na baba atauliza kama dadu na karata si mlango wa kamari. Jibu langu ni kwamba chagueni mchezo usio na hayo. Ubao wa gololi hauna zimwi wala karata. Mchezo wa ramani unachezeka kwa vipande 52 vya karatasi vilivyoandikwa nambari na kukunjwa ndani ya kofia, vya msimu mmoja kwa wakati, na badala ya dadu mkatumia kete za bao au kokoto. Sheria hazitaharibika kwa hilo.

Kiingereza nacho kisiwe kikwazo. Mmoja akisoma sheria na kuzieleza, waliobaki wanaweza kucheza kwa Kiswahili, Kipokomo au Kiorma, na hadithi itakuwa tamu zaidi. Hata upo mchezo uitwao Dialect, wa mwaka 2018, unaohusu jamii ndogo iliyojitenga, inatunga maneno yake yenyewe, kisha inaona lugha yake ikifa. Nikiufikiria, nawaza Wadahalo, majirani zetu wa upande wa Lamu, ambao wazungumzaji wa lugha yao wamebaki wachache sana. Kijana wa huko akiucheza, atakuwa na mengi zaidi ya kusema kuliko mchezaji yeyote wa New York.

Mwalimu unayenisikiliza, hasa wewe wa sekondari msingi unayetafuta shughuli za darasani: mpe fundi mbao mbili na kiasi kidogo cha fedha, nunua gololi dukani, na ijaribu Tana yako juu ya meza kabla mvua za masika hazijafika. Nanyi vijana wa Tarasaa, mna kalamu, mna karatasi, na karata zipo kila kibanda. Ketini wanne Jumamosi hii, mmoja kutoka kila upande wa mji kama mnaweza, chagueni kitu kimoja kiwe tele na vingine viwe vya shida, mchore mto kwanza, na mpeane zamu. Mkimaliza, ileteni ramani yenu hapa studioni. Nitaisoma hewani, nanyi mtaeleza wenyewe kila mstari.